Walivyoitwa Kufundisha: Njia ya Kuingia Ualimu wa Shule ya Msingi Tanzania Bara

Historia ya elimu ya Tanzania Bara imeandikwa zaidi kwa kufuata sera, majengo na idadi ya wanafunzi, huku swali la namna mtu alivyofikia kusimama mbele ya darasa la kwanza akiwa na chaki mkononi likiachwa pembeni, kana kwamba walimu walikuwepo tayari wakisubiri shule zijengwe. Ukweli ni kwamba kila kizazi kililazimika kuwatafuta walimu wake upya, na mara nyingi kiliwatafuta kwa haraka. Kwa zaidi ya miaka mia moja mlango wa ualimu wa watoto wadogo haukufunguliwa na kijana aliyetaka kufundisha, bali na yule aliyehitaji walimu, awe shehe, padri, serikali ya kikoloni, chama au kijiji. Na kiwango cha elimu alichotakiwa kuwa nacho mwalimu kilipanda na kushuka kwa kufuata mahitaji hayo kuliko kwa kufuata kipimo cha taaluma yenyewe. Anayetaka kuwahukumu walimu wa wakati wowote, hasa wale wa miaka ya 1970 ambao wamebebeshwa lawama nyingi, hana budi kuanza kwa kuuliza waliitwa na nani, wakiwa na umri gani, na walipewa nini cha kufanyia kazi.

Katika miji ya pwani, toka Tanga na Pangani hadi Bagamoyo na Kilwa, njia ya kwanza ya kuwa mwalimu ilipitia chuoni, yaani katika madrasa ambamo watoto walijifunza kusoma Qurani na kuandika kwa herufi za Kiarabu. Hapakuwa na mtihani wa kuingia katika kazi hiyo wala mshahara uliopangwa. Mtoto aliyehitimu msahafu, akaonekana ana sauti nzuri ya kusoma na adabu ya kutosha, aliachwa awasaidie wadogo wake, awaandikie aya ubaoni kwa wino na kalamu ya mwanzi, awasikilize wakizirudia mmoja mmoja, kisha asimamie ubao ukioshwa kwa maji ili aya nyingine iandikwe. Baada ya miaka ya kusaidia hivyo, aliyeendelea kusoma elimu ya dini alipata idhini ya shehe wake kufungua chuo chake mwenyewe, akaishi kwa ada ndogo za wazazi na zawadi zilizotolewa mtoto alipohitimu. Kitabu cha Desturi za Waswahili, ambacho masimulizi yake mengi ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo na kilichapishwa mwaka 1903 kwa uhariri wa Mjerumani Carl Velten, kinaeleza malezi ya chuoni kama jambo la kawaida la maisha ya mji. Palikuwa pia na wanawake waliofundisha watoto kwa njia hiyohiyo, jambo ambalo shule za kisasa zilichelewa sana kulifikia. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba mwalimu wa chuoni alijifunza kufundisha kwa kufundisha, chini ya macho ya aliyemzidi, kabla ya kuachwa peke yake. Utaratibu huo ulikuja kusahauliwa, kisha ukabuniwa tena karibu miaka mia moja baadaye kana kwamba ni kitu kipya.

Wamisheni walipofika nusu ya pili ya karne ya 19, walihitaji watu wa kusoma na kufundisha kwa herufi za Kirumi, na watu hao hawakuwepo. Waliwapata mahali pa uchungu mkubwa. Misheni ya Kianglikana iliyojulikana kwa kifupi kama UMCA iliwachukua watoto waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa yaliyokamatwa na meli za kivita za Uingereza, ikawaweka Unguja: wavulana Kiungani, wasichana Mbweni. Askofu Edward Steere, mtaalamu wa Kiswahili, aliwatayarishia vitabu, na Caroline Thackeray aliongoza shule ya wasichana ya Mbweni kwa miaka mingi kuanzia mwaka 1877. Wale walioonekana kuwa wepesi wa kujifunza walifundishwa kazi ya ualimu, kisha wakapelekwa bara, wengine Magila katika nchi ya Wabondei, wengine Masasi, ambako misheni ilianzisha kijiji cha watu walioachiwa huru mwaka 1876, na wengine hadi pande za Ziwa Nyasa. Hivyo sehemu ya walimu wa kwanza wa shule za kisasa kusini mwa nchi hii walikuwa watu waliong'olewa makwao wakiwa watoto, wakasahau au wakakaribia kusahau lugha za mama zao, wakarudishwa bara wakiwa na Kiswahili, kitabu na dini mpya, kuwafundisha watoto wa watu ambao hawakuwa ndugu zao. Hawakuwa na ukoo wa kuwatetea wala shamba la kurithi. Walichokuwa nacho ni darasa. Ni vigumu kusoma habari zao bila kuona kwamba taaluma ya ualimu katika nchi hii ilianzishwa kwa sehemu kubwa na watu ambao hawakuwa na kitu kingine chochote walichoachiwa duniani, na heshima yao haijatolewa kwa kadiri inayostahili.

Misheni zilipoenea, watumwa walioachiwa huru hawakutosha tena, na kila kituo kilianza kuwatoa walimu miongoni mwa wanafunzi wake wenyewe. Utaratibu ulikuwa mwepesi: padri au mchungaji alimchagua kijana aliyesoma vizuri kuliko wenzake, akamfanya msimamizi wa wadogo, kisha baada ya mwaka mmoja au miwili akamtuma katika kijiji cha jirani kufungua kile kilichoitwa shule ya vichakani. Shule hiyo ilikuwa kibanda cha miti na nyasi, mara nyingi kilichojengwa na wazazi wenyewe, chenye magogo ya kukalia, ubao mmoja na vitabu vichache vya kusomea vilivyopitishwa mkono kwa mkono. Asubuhi mwalimu alifundisha katekisimu, yaani mafundisho ya dini kwa maswali na majibu, pamoja na kusoma, kuandika na hesabu kidogo. Mchana alilima shamba lake kama majirani zake, kwa kuwa malipo yake, yawe nguo au rupia chache, hayakumtosha kula. Jumapili aliongoza sala. Mara nyingi alikuwa amewazidi wanafunzi wake kwa miaka mitatu au minne tu ya kusoma. Ila bila yeye kusingekuwa na shule kabisa, na kufikia mwaka 1914 misheni zilikuwa na shule zaidi ya 1,800 katika koloni la Kijerumani, wakati shule za serikali hazikufika 100.

Serikali ya Kijerumani yenyewe ilianza kujihusisha na elimu Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, ikiwa na lengo lililo wazi la kupata makarani, wakalimani, maakida (watumishi wa serikali waliosimamia maeneo ya vijijini) na mafundi wasiotegemea misheni. Shule ya Tanga ilifundisha kwa Kiswahili cha herufi za Kirumi, ikawa na karakana, mtambo wa kuchapia vitabu na bendi ya tarumbeta, na ndipo lilipochapwa gazeti la Kiongozi mwanzoni mwa karne ya 20. Shule kubwa za namna hiyo zilitoa walimu kwa ajili ya shule ndogo za wilayani, na hapo ikazaliwa njia ya tatu ya kuingia ualimu: kijana wa pwani, mara nyingi Mwislamu, aliyemaliza shule ya serikali na kupangiwa kituo bara, akiwa mtumishi wa dola. Mwenzake aliyesoma naye dawati moja aliweza kuwa karani wa boma, yaani ofisi ya serikali ya wilaya. Kazi hizo zilibadilishana watu kwa urahisi, na tangu wakati huo ualimu umeishi jirani na kazi zenye malipo bora kuliko wenyewe, ukipoteza watu wake wazuri kila nafasi inapotokea upande wa pili. Vita Kuu ya Kwanza ilifunga shule nyingi na kuwatawanya walimu, baadhi yao wakiishia kubeba mizigo ya majeshi.

Waingereza walipochukua nchi na kuanzisha Idara ya Elimu mwaka 1920, walikuta maelfu ya walimu wa vichakani ambao hakuna mtu aliyejua kwa hakika wanafundisha nini. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes, iliyogharimiwa na mfuko wa Kimarekani na ambayo James Aggrey wa Gold Coast, yaani Ghana ya leo, alikuwa mmoja wa wajumbe wake, ilizunguka Afrika Mashariki ikihimiza elimu ya kilimo, afya na ufundi wa vijijini pamoja na mafunzo rasmi ya walimu. Mwaka uliofuata Gavana Donald Cameron aliitisha mkutano wa serikali na misheni Dar es Salaam, na sheria ya elimu ya mwaka 1927 ikatokana na makubaliano hayo. Misheni zingepata ruzuku ya serikali kwa shule zilizofikia kiwango kilichowekwa na zilizokuwa na walimu wenye cheti. Zile za vichakani zingebaki bila msaada. Kwa uamuzi huo mwalimu wa kijiji aligawanywa mara mbili. Upande mmoja alisimama mwenye cheti, aliyepitia chuo cha ualimu kama kile cha Mpwapwa cha serikali au vyuo vya misheni mbalimbali, na upande wa pili katekista, yaani mwalimu wa dini asiye na cheti, aliyeendelea na kazi ileile kwa malipo yaleyale madogo, ila sasa akihesabiwa kuwa si mwalimu kamili.

Katika mfumo uliokua baada ya hapo, vyeti vilipangwa kwa madaraja. Kijana aliyemaliza darasa la sita, na baadaye la nane, alisoma chuoni kwa miaka miwili na kupata daraja la chini la kufundisha madarasa ya mwanzo kwa Kiswahili, na aliyefika sekondari alipata daraja la juu. Kwa kuwa nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, vijana wengi wenye akili nzuri waliingia ualimu wa shule ya msingi kwa sababu ngazi iliyofuata ilikuwa imekatwa juu yao, si kwa sababu walishindwa. Hilo linaeleza jambo ambalo wazee wengi hulikumbuka kwa mshangao, kwamba walimu wa miaka ya 1940 na 1950, wenye elimu ya darasa la nane tu, walifundisha kwa umahiri uliowazidi baadhi ya wenye vyeti vikubwa wa leo: ukoloni ulikuwa umewazuia mlangoni watu waliostahili kufika mbali zaidi. Walimu hao walisoma na kuliandikia gazeti la Mamboleo lililotolewa na Idara ya Elimu tangu mwaka 1923, na wengi waliongoza vyama. Cecil Matola, rais wa kwanza wa Chama cha Waafrika kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929, alikuwa mwalimu. Julius Nyerere, aliyeanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 na kusomea ualimu Makerere, alifundisha sekondari za misheni za Tabora na Pugu hadi mwaka 1955, alipoacha kazi kwa ajili ya TANU, chama kilichodai uhuru, na kubaki na cheo cha Mwalimu hadi kufa kwake.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 watoto wa shule za msingi hawakufika nusu milioni. Mwaka 1962 serikali iliunganisha utumishi wa walimu wote, wa serikali na wa misheni, chini ya masharti mamoja ya kazi, hatua ambayo haikuzungumzwa sana wakati ule lakini iliondoa ubaguzi wa malipo uliodumu miongo mitatu na zaidi. Azimio la Arusha la Februari 1967, lililotangaza siasa ya ujamaa na kujitegemea, lilifuatiwa mwezi Machi na andiko la Elimu ya Kujitegemea, lililotaka shule ya msingi imwandae mtoto kwa maisha ya kijijini badala ya kuwa daraja la kwendea sekondari tu. Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia madarasa yote saba ya shule ya msingi. Walimu walipewa pia kazi ya jioni, kwani kampeni za elimu ya watu wazima zilizoanza mwaka 1970, zilizoitwa na wengi ngumbaru, ziliwategemea wao kuwafundisha wazazi wa watoto waliowafundisha asubuhi.

Ndipo lilipokuja Azimio la Musoma la Novemba 1974. Halmashauri Kuu ya TANU iliamua kwamba elimu ya msingi kwa wote, mpango uliojulikana kwa kifupi cha Kiingereza kama UPE, ipatikane kufikia Novemba 1977 badala ya mwaka 1989 uliopangwa awali. Idadi ya wanafunzi, iliyokuwa milioni moja na laki mbili hivi mwaka wa azimio, ilivuka milioni tatu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vyuo vyote vya ualimu nchini, hata vingejazwa mabweni hadi mlangoni, visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda huo. Serikali iliamua basi kuwafuata walimu vijijini. Kuanzia mwaka 1976 wahitimu wa darasa la saba walichaguliwa katika vijiji vyao, viongozi wa kijiji wakishiriki katika kuwapendekeza, wakawekwa katika shule za karibu na nyumbani kwa mafunzo ya miaka mitatu yaliyochanganya kazi na masomo.

Siku ya mwanafunzi mwalimu wa UPE inastahili kutazamwa kwa karibu. Asubuhi aliingia darasani kufundisha vipindi vya madarasa ya chini, mara nyingi chumba kikiwa hakina madawati ya kutosha na wakati mwingine bila chumba kabisa, watoto wakikaa chini ya mwembe huku ubao umeegemezwa kwenye shina. Mchana alikutana na wenzake katika kituo cha masomo, chini ya mwalimu mzoefu au mratibu wa elimu wa kata, yaani msimamizi wa shule za kata nzima. Hapo walisoma vijitabu vya masomo kwa njia ya posta vilivyotayarishwa kwa ushirikiano na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, wakaandika majibu ya mazoezi yaliyosahihishwa na kurudishwa, na wakasikiliza vipindi vilivyotangazwa na Redio Tanzania Dar es Salaam kwa redio ya betri iliyowekwa katikati ya meza. Usiku, kwa mwanga wa kibatari, alitayarisha andalio la somo la kesho, yaani karatasi inayoonyesha lengo la kipindi, hatua zake na maswali ya kuwauliza watoto. Mwisho wa miaka mitatu walikusanywa chuoni kwa wiki kadhaa, wakafanya mtihani, na waliofaulu wakapata cheti cha daraja C, lililo chini ya B na A. Zaidi ya walimu 35,000 walihitimu kwa njia hiyo, na idadi hiyo ndiyo iliyofanya shule ya msingi iwe jambo la kila kijiji.

Jina la "mwalimu wa UPE" liligeuka kuwa dharau kabla ya miaka kumi kupita, na hadi leo hutumika kueleza kila kosa la hesabu na tahajia katika kizazi kizima. Lawama hiyo ina chembe ya ukweli, kwa kuwa kijana wa miaka kumi na saba au kumi na minane mwenye elimu ya darasa la saba hakuweza kufundisha sayansi ya madarasa ya juu kwa kina, na mafunzo yalipwaya pale ambapo mratibu hakufika, betri ziliisha au vijitabu vilichelewa. Lakini inawatwika vijana hao mzigo wa mambo ambayo hawakuyapanga. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 kati ya Tanzania na Uganda na msukosuko wa uchumi uliofuata viliwakuta darasani. Vitabu, chaki na mishahara vikapungua thamani au kutoweka kwa pamoja, na hakuna daraja la cheti ambalo lingeziba pengo hilo. Isitoshe, kitu kilichodharauliwa zaidi katika mpango ule, yaani kujifunza ualimu ukiwa darasani chini ya mwongozo wa mwalimu mzoefu huku ukiishi miongoni mwa wazazi wa wanafunzi wako, ndicho kilichokuwa bora kuliko vyote. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulipoanza mwaka 2002 baada ya ada kufutwa na watoto kufurika tena, serikali ilirudia sehemu ya wazo hilo kwa kuugeuza mwaka wa pili wa mafunzo ya daraja A kuwa mwaka wa kazi shuleni, bila kutaja sana ilikolitoa.

Wengi wa walimu wa UPE hawakubaki daraja C. Walijiendeleza, yaani walisoma usiku na kufanya mitihani ya kidato cha nne wakiwa watahiniwa wa kujitegemea, wakapanda daraja B hadi A, na wachache wakafika stashahada na shahada. Wanawake wengi miongoni mwao walikuwa wa kwanza katika koo zao kulipwa mshahara, na kuingia kwao ni hatua mojawapo iliyoufikisha ualimu wa shule ya msingi mahali ulipo sasa, ambapo wanawake ni zaidi ya nusu.

Tangu Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 mwelekeo umekuwa wa kuondoa cheti cha daraja A na kumtaka mwalimu wa shule ya msingi awe na stashahada, na msimamo huo uliendelezwa katika toleo la mwaka 2023. Wakati huohuo uhusiano wa kale umegeuka: kwa mara ya kwanza katika historia hii, wanaotaka kufundisha ni wengi kuliko nafasi ambazo dola iko tayari kuzilipia, na mhitimu hungoja ajira kwa miaka, akituma maombi na kufanya usaili, huku baadhi ya shule za vijijini zikiendelea kuwa na mwalimu mmoja kwa watoto wanaozidi mia.

Vijana wa darasa la saba walioitwa mwaka 1976 na miaka iliyofuata, kwa kuwa wengi walizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, walianza kutimiza miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2010. Vijitabu vyao vya posta, maandalio yao ya masomo na vyeti vyao vya daraja C huenda bado vimo masandukuni katika nyumba zao, na kazi ya kuvikusanya na kuandika simulizi za wenyewe, wilaya kwa wilaya, inapaswa kufanywa na vyuo vya ualimu na vyuo vikuu sasa, wakati wahusika wangali wanaweza kusema.